Shubaka na dirisha ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama mkwe wangu ni mtu wa Lamu, juzi kaniambia niweke taa shubakani, mi nikaiweka dirishani, akacheka mpaka basi. Kwani shubaka si ndo dirisha? Mbona Waarabu dirisha wanaliita shubbak?

Jibu: Marahaba. Mama mkwe yuko sahihi, ila na wewe hujapotea sana. Kwa Kiarabu shubbak ni dirisha kweli, mzizi wake ni mmoja na neno lao la wavu, fikiria yale madirisha yenye wavu wa mbao. Lilipofika kwetu likapungua kimo. Shubaka la Kiswahili ni kitundu cha ukutani cha kuingizia mwanga, au kile kishimo kisichotokea upande wa pili, mtu anaweka taa au msahafu, na kwenye ngome ndo vile vitundu vya kupenyeza bunduki. Ndugu yake ni kidaka, na zile zidaka za Lamu zilizopangwa safu kwa safu ukuta mzima wa chumba cha ndani, za kupangia sahani za Kichina, ni kazi ya chokaa ambayo fundi wa siku hizi akiambiwa aifanye atataja bei ya kukufukuza.

Mi naona nyumba zenyewe ndo zilitaka hivyo. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, kuzitoboa kishimo hakuna shida, na mwanga ulitoka kiwandani, yaani ule uwa wa katikati ya nyumba (ndio, kiwanda, zamani kabla hakijawa cha sabuni na saruji), kwahiyo upande wa njiani hukuhitaji uwazi mkubwa, watu wasichungulie.

Kwahiyo fundi mwagizie dirisha, ukimwambia shubaka atakuuliza la nini.

Dirisha nalo limetoka Kiajemi. Dar ni mlango, na kile kimkia cha -che ni cha kudogosha kama ki- yetu, kwahiyo ukilifumua unapata "kilango" tu. Wenyewe tumeshalisahau hilo, tukalikuza mpaka benki unaambiwa nenda dirisha namba tatu, na kwenye mpira kuna dirisha la usajili, tena lile la katikati ya msimu Watanzania wanaliita dirisha dogo, yaani kilango kidogo.