Kabla Hujakitupa Hicho Kipanya, Kihamishe Kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bungoma aliniandikia. Amefungua saiba ndogo karibu na stendi ya matatu, kompyuta chache tu za mitumba, na wateja wameanza kumzoea. Vipanya vya kompyuta hizo vikawa vinakwama katikati ya kazi, vinazimika, vinarudi vyenyewe. Akaita fundi. Fundi hakufungua kitu wala kuchomeka kitu. Alitazama, akatikisa kichwa, akamwambia matundu ya USB yameungua kwa sababu ya stima kupotea na kurudi, kwa hivyo mashine ziende kwake zikatengenezwe madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na kodi ya kibanda. Dada akaniuliza, "Kaka, nimlipe ama nitafute mwingine?"

Nilimjibu asimlipe mtu ambaye hajamwonyesha ubovu kwa macho yake. Nikamwambia achukue waya wa kuchajia simu, auchomeke kwenye tundu lilelile linalosemwa limeungua. Simu ikichaji, umeme upo. Halafu atoe simu, aweke flashi. Faili zikifunguka, data inapita. Tundu linalochaji simu na kusoma flashi halijaungua, na kipanya hakihitaji zaidi ya hayo mawili.

Simu ilichaji. Flashi ilisomeka. Shida ilikuwa kigawanyio, kile kifaa kinachogeuza tundu moja la USB kuwa mengi. Alikuwa amechomeka kibodi, kipanya na modemu ya intaneti kwenye kigawanyio kimoja cha bei nafuu kisichokuwa na chaja yake, vyote vikinyonya tundu moja. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linaahidi miliampia 500, basi. Modemu ikianza kuhangaika kutafuta mtandao inaweza kuzimaliza karibu zote peke yake, na kipanya kikabaki na njaa. Alihamishia modemu kwenye tundu la nyuma ya mashine na kazi ikaendelea.

Nimekasirika tangu siku hiyo, nasema wazi. Najua wengi mnaonisoma mnataka kilekile ninachokitaka: saiba yako mwenyewe, ama meza yako ya ufundi, jina lako lijulikane mtaani kwa kazi safi. Huwezi kufika huko kama unaibiwa kwa kitu kidogo kama kipanya, na hutafika mbali kama wewe ndiye unayeiba.

Kanuni yangu ni moja, na nitairudia: hamisha. Kipanya kikikataa, kipeleke kwenye mashine nyingine unayojua ni nzima. Ubovu ukikifuata, ni wa kipanya. Kikifanya kazi vizuri huko, basi shida imebaki kwenye mashine ya kwanza, na hapo lete kipanya kizima ukichomeke kwenye tundu lilelile. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha tundu, betri na padi kwa mkupuo mmoja na kikaamka, hutajua ni lipi lililokuwa limeharibika, na kesho litakurudia.

Kanuni hii niliitumia katika shule moja ya upili upande wa Vihiga, na hadithi yake lazima niieleze yote.

Shule ilikuwa na maabara ya kompyuta, mashine za msaada kutoka ng'ambo, zile za zamani nzito. Walishaambiwa na mtu wao kwamba vipanya vyote vimekufa na vinunuliwe vipya. Mwalimu mmoja aliyenifahamu kutoka Kisumu akaniita nitazame kabla pesa hazijatoka. Nilipanda matatu Jumamosi asubuhi na mkoba wangu wa bisibisi.

Vingi vilikuwa vya plagi ya mviringo, ile inayoitwa PS/2, iliyoanzia kwa IBM mwaka 1987. Plagi hii ina vipini sita vyembamba, na nyuma ya mashine kuna matundu mawili ya umbo moja: la kijani ni la kipanya, la zambarau ni la kibodi. Wanafunzi walikuwa wanachomeka kwa kupapasa gizani, nyuma ya meza zilizosukumwa ukutani. Kipanya kwenye zambarau, kibodi kwenye kijani, na mashine imenyamaza. Nyingine zilikuwa zimechomekwa sawa, lakini mashine ikiwa tayari inawaka. PS/2 kwa kawaida hukaguliwa mashine inapowashwa. Ukiichomeka baadaye, mashine haikioni kipanya hata ukisugua meza mpaka jioni. Sharti uzime, uchomeke, uwashe. USB ndiyo ilituletea raha ya kuchomeka na kuchomoa mashine ikiwa inawaka.

Vipini vilivyopinda nilivinyoosha kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi. Vipanya vya zamani vyenye mpira unaobingirika chini niliviinua na kukuta vingine vitupu: wavulana walikuwa wametoa mipira kwenda kuchezea. Vilivyobaki na mipira yao vilikuwa na ukoko mweusi umejizungusha kwenye roli mbili ndogo za ndani zinazozungushwa na mpira. Ukoko ule ni vumbi, jasho na mafuta ya mikono, umeshikana mpaka roli hazizunguki. Nilikwangua kwa kijiti cha meno, ukawa unatoka kama ganda la mbegu. Kufikia jioni zaidi ya nusu ya vipanya "vilivyokufa" vilikuwa vinatembea. Niliandika kwenye karatasi kila mashine, kila kipanya, kilichokuwa na shida gani na nilichofanya. Nikampa naibu wa mwalimu mkuu.

Nilipewa soda, nauli na asante. Baada ya muda mwalimu yule akanipigia kuniambia kwamba vipanya vipya vimeletwa, seti nzima ya maabara, na yuleyule aliyesema vya zamani vimekufa. Karatasi yangu hakuna aliyejua iko wapi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila nikipita Mbale ya Vihiga na kuona ile barabara ya kuelekea kule, moyo unanichoma.

Tangu hapo sigusi kazi ya taasisi bila makubaliano ya maandishi, hata kama anayeniita ni rafiki. Nawe fanya hivyo. Nakala moja kwao, moja kwako, sahihi pande zote mbili.

Turudi kwenye vipanya vya siku hizi, vile vyenye taa nyekundu chini. Kando ya ile taa kuna kamera ndogo sana inayopiga picha za meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde na kulinganisha picha na picha ili ijue umesogea wapi. Kipanya cha kwanza kabisa, cha Douglas Engelbart na Bill English kule California mwaka 1964, kilikuwa kibweta cha mbao chenye magurudumu mawili, na kilisogea juu ya meza yoyote. Hiki cha kamera lazima kione kitu. Kwenye kioo kwa kawaida hakioni. Hapa Kisumu nimeitwa mara nyingi kwenye maduka ya M-Pesa na ya simu ambako kaunta ni ya kioo, mwenye duka analalamika kwamba kishale kinarukaruka kama kina wazimu. Natoa karatasi nyeupe mkobani, naiweka chini ya kipanya, kishale kinatulia. Watu huona aibu kunilipa kwa sababu ya karatasi tu. Nawaambia wanilipe kwa kujua. Ukishajaribu karatasi na bado kinaruka, kigeuze utazame lile tundu la taa. Unywele mmoja tu ukilala pale unatosha kukivuruga. Utoe kwa pamba kavu, usipulize kwa mdomo ukatia mate.

Kipanya cha waya kinachowaka na kuzimika kina dawa ya haraka. Shika waya pale unapoingia kwenye mwili wa kipanya, uuzungushe polepole ukitazama taa. Taa ikipepesa, waya umekatika ndani pale pale, maana ndipo unapopinda kila siku. Kata sehemu mbovu, unganisha upya: kwa kawaida nyekundu ni volti 5, nyeusi ni ardhi, kijani na nyeupe ni data. Vipanya vya bei ya chini hubadilisha rangi wanavyotaka, kwa hivyo fuata mpangilio ulivyo kwenye ubao wa saketi wa ndani, usiamini rangi peke yake.

Sasa ule ugonjwa unaonifurahisha kuutibu kuliko yote: unabofya mara moja, kipanya kinabofya mara mbili. Unataka kuchagua faili, inafunguka. Unavuta dirisha, linaponyoka njiani. Wengi hudhani ni virusi, na wapo mafundi wanaowafutia Windows nzima na kuiweka upya kwa ugonjwa huu. Hamisha kipanya kwenye mashine nyingine kwanza! Kikibofya mara mbili huko pia, Windows yako haina kosa.

Skrubu zimefichwa chini ya vile vitelezi vya miguu au chini ya kibandiko. Fungua, na chini ya kila kitufe utaona kisanduku kidogo cheusi. Hiyo ni swichi. Ndani yake kuna ulimi wa shaba mwembamba uliojikunja, unaoruka na kugusa kila ukibofya, na ndio unaotoa ile sauti ya "tik". Ukichakaa au ukishika kutu kidogo, unadundadunda unapogusa, na mashine inahesabu kila mdundo. Swichi ya kulia kwa kawaida ni aina moja na ya kushoto, na haichoki haraka kwa sababu hatuitumii sana. Mimi huzilehemua zote mbili na kuzibadilisha nafasi. Kipanya cha mteja kinaondoka kama kipya bila kununua hata kipuri kimoja. Kijana yeyote mwenye pasi ya kulehemu na mkono uliotulia anaweza kujifunza kazi hii kwenye vipanya vibovu vya kuokota.

Visivyo na waya sitavisemea sana. Tazama kama swichi ya chini imewashwa, badilisha betri, futa vyuma vinavyoshika betri kama vina ukungu wa kijani. Risiva yake ndogo ya USB ikipotea, usiazime ya jirani, maana nyingi zimefungamanishwa na kipanya kimoja tu. Angalia ndani ya chumba cha betri, mara nyingi imechomekwa pale tangu kiwandani na hujaiona. Kipanya kikisitasita ilhali betri ni mpya, sogeza risiva mbali na diski au flashi ya USB 3.0. Vifaa hivyo hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 ambayo kipanya kinatumia. Waya mfupi wa kurefusha unatosha. Cha bluetooth, shikilia kitufe chake mpaka taa imemeteke, ndipo ukitafute kwenye mipangilio.

Na kama kinalala kila ukikiacha kidogo, kwenye Windows fungua Device Manager, ingia kwenye matundu ya USB, uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kulizima tundu ili kuokoa umeme.

Jambo ambalo kila mwenye saiba lazima alijue kabla ya mengine yote ni kufanya kazi bila kipanya kabisa. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, saiba huwa zimejaa mpaka mlangoni. Mwaka mmoja nilikuwa Kondele, hapa Kisumu, kwa rafiki yangu, usiku umeingia, mama mmoja muuza samaki amefika zamu yake baada ya kupanga foleni muda mrefu, na kipanya cha mashine ile kikafa. Rafiki yangu akaanza kumwambia arudi nyuma ya foleni. Nikasema hapana, mama ataketi. Nikabonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, nikakubali ujumbe uliotokea kwa Enter. Kuanzia hapo namba za kulia mwa kibodi zikawa kipanya: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, 5 kubofya. Menyu nyingine hazifunguki mpaka kishale kipite juu yake, na hizo nilizipitia hivyo. Masanduku ya kujaza nilikwenda kwa Tab, tiki nikaweka kwa kitufe cha nafasi. Mama alitoka na risiti yake mkononi, akaniambia, "Mungu akubariki, mwanangu." Kwa laptopu isiyo na namba za kulia njia hii itakuwa shida, kwa hivyo weka kibodi kubwa moja ya akiba.

Kwa anayetaka kuifanya iwe kazi: kipanya kipya cha waya kinauzwa shilingi mia chache tu, kwa hivyo usitoze kurekebisha karibu na bei hiyo. Toza kupima, na upime mbele ya mteja, kwenye mashine yako, akitazama. Mwandikie kwenye kitabu cha risiti ulichokikuta. Vilivyokufa kweli vihifadhi kwenye katoni, ndimo utakamopata swichi, waya, skrubu na vitelezi vya miguu. Na mteja akiona malipo ya kupima ni makubwa, mrudishie kipanya chake na umwelekeze duka lililo karibu linalouza vipya.