Barua kwa mwanangu: ile Fielder ya 950,000

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi hatujambo, baba yako amemaliza kupalilia mahindi na mgongo wake umetulia. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia. Umeuliza: "Mama, kuna Toyota Fielder ya 2012, kilomita 78,000, muuzaji anataka shilingi 950,000. Ni bei ya haki au naibiwa?" Nimeona nikujibu kwa kirefu, maana hizo ni pesa za zamu zako za usiku kwa miaka minne na sitaki ziishie kwa fundi.

Nianze na hizo kilomita. Unasema gari lilishuka Mombasa 2019 likiwa na 60,000. Mwaka haunisumbui, kwa sababu sheria yetu inakubali gari la kutoka nje lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na la 2012 lilikuwa bado ndani. Linalonisumbua ni kwamba kwa miaka sita ya Kenya limeongeza 18,000 peke yake, yaani 3,000 kwa mwaka. Halafu kwenye ujumbe uleule unaniambia mwenye gari ni mwalimu hapo Kisumu na kila Ijumaa huenda kwake Busia. Mwanangu, Kisumu hadi Busia ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Hata akienda wiki arobaini za mwaka, hizo ni 8,000, hajapeleka mtoto shule wala kufika sokoni Kibuye. Piga mara sita. Hilo gari limekaribia 110,000, kama halijapita.

Sisemi uliache kwa sababu hiyo. Injini ile ya cc 1500 haina mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaotaka kubadilishwa, ina cheni, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inavuka 200,000 bila kelele. Lakini bei ya gari la 78,000 si bei ya gari la 110,000. Na mtu aliyegusa namba ya dashibodi, au aliyelinunua likiwa limeguswa asiulize, yafaa kila neno lake jingine ulipime upya. Angalia mpira wa pedali ya breki. Ukikuta mistari imefutika upande mmoja, na usukani umelainika na kung'aa pale mkono unaposhika, hapo utasoma kilomita za kweli.

Sasa nikueleze lililonipata 2011, ambalo hukulijua kwa sababu ulikuwa bwenini. Nilinunua ile Probox nyeupe ya kubebea mboga. Nilifika kwa muuzaji saa tatu asubuhi, nikakuta tayari ameiosha na kuiwasha. Ikanguruma vizuri, akanipunguzia 40,000, nikafurahi. Sikushika boneti. Ilikuwa ya moto, na injini ikishapata moto huficha mengi: moshi wa kwanza wa asubuhi, mlio wa kukosa oili, ugumu wa kuwaka. Wiki ya tatu, nikipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit na magunia ya kabichi, mshale wa joto ukaruka na mvuke ukajaa kioo. Fundi alifungua kifuniko cha kutilia oili, akanionyesha upande wa ndani. Ulikuwa umepakwa kitu kizito, rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vilikuwa vimechanganyika. Gasketi, ile inayozuia maji na oili visikutane, ilikuwa imeungua kitambo. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ikapelekwa kuchongwa, nikalipa 74,000. Ile 40,000 niliyopunguziwa ilirudi na mwenzake.

Tangu siku hiyo, bei ya gari kwangu ni pesa zote nitakazotoa mpaka siku litakapoweza kunipeleka Nairobi na kunirudisha bila wasiwasi. Anachotaja muuzaji ni sehemu tu ya hizo. Kwa hiyo tuhesabu.

Umenitumia Fielder nyingine tano za mwaka huohuo na injini hiyohiyo: 860,000, 880,000, 890,000, 920,000 na 980,000. Umefanya vizuri sana. Ya katikati ni 890,000, na kumbuka hayo ni maombi ya wauzaji, si walichopata. Anzia hapo. Picha ya tairi uliyonitumia nimeikuza: mwisho wa maandishi kuna tarakimu nne, 1918. Maana yake ni wiki ya 19 ya mwaka 2018. Tairi za miaka saba, hata meno yakiwapo, mpira umekauka. Nne kwa 8,000 ni 32,000. Umesema mbele inagonga ukipita matuta: shoksi na bushi, fundi wetu ananitajia 24,000. Oili ya giaboksi, 12,000, na hiyo usiiahirishe. Giaboksi ya gari hilo haina gia za kuhesabika kama ile ya zamani. Inataka oili yake maalumu, na wengi hutia yoyote iliyo dukani. Jumla 68,000. Ukitoa kwenye 890,000 unabaki na 822,000, na kilomita zilizofichwa bado hatujazitoza. Mimi nisingepita 800,000. Anza na 760,000, umwonyeshe hesabu kwenye karatasi, bila kumtuhumu. Mtu hubishana zaidi na maneno kuliko anavyobishana na hesabu.

Giaboksi ipime kwenye mlima wa Riat. Jazeni watu wanne, simameni kabisa katikati ya mlima, kisha uondoke polepole. Likitetemeka likianza, au likilia kwa sauti nyembamba inayopanda, shukeni mwagane naye vizuri. Ukarabati wa giaboksi hiyo unameza punguzo lolote atakalokupa.

Jambo jingine la huko kwenu ni maji. Mvua za 2024 zilifunika sehemu kubwa ya Kano na Nyando, na gari lililolala ndani ya maji huoshwa likapendeza. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa. Hapo hakuna anayeosha. Ukiona mstari wa tope, hiyo ndiyo alama ya maji yalipofikia. Inua pia zulia la buti pale tairi la akiba linapokaa.

Karatasi usizifanyie mchezo. Namba ya chesi isomeke kwenye bati lenyewe na ilingane na logibuku, ile hati ya umiliki. Tafuta gari kwenye akaunti yako ya eCitizen, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone jina la mwenye gari na kama benki au sacco imeandikwa pamoja naye. Na kwa kuwa tangu sheria ya 2017 gari linaweza kuwekwa dhamana kwenye sajili ya mali zinazohamishika, tafuta huko pia. Anayeuza awe ndiye mwenye jina. "Ni la shemeji yangu" simkubalii mtu. Usitume hata shilingi moja ya kushikilia gari. Mtalipana benki, mkiwa mmekaa pamoja, baada ya yeye kuanzisha uhamisho.

Jumamosi nitapanda matatu ya kwanza na fundi wetu, tukufikie kabla ya saa tano. Mpigie mwalimu umwombe kwa adabu asiliwashe gari asubuhi hiyo. Akikubali, ni vyema. Mimi nikishuka tu nitaweka kiganja juu ya boneti, na nikiikuta ya moto tutakunywa chai kwako turudi Jumapili.

Mtoto mbusu kwa niaba yetu.

Mama yako