Sadaka ya amani: nani alikula nini?

Umeuliza kama nyama ya sadaka za Israeli ya kale yote iliishia motoni. Hapana. Iliyochomwa yote madhabahuni ni sadaka ya kuteketezwa, na hata hapo ngozi ilibaki kwa kuhani.

Sadaka ya amani ilikwenda hivi. Mnyama, dume au jike asiye na kilema, aliletwa na mwenye sadaka. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, akamchinja mlangoni pa hema la ibada. Makuhani walinyunyiza damu pande zote za madhabahu. Kilichochomwa ni mafuta ya matumbo, figo mbili na mafuta yake, na kitambi cha ini (kipande kilichoshikamana na ini). Kondoo aliongezwa mkia mzima, ukatwe karibu na uti wa mgongo. Kondoo wa huko walikuwa na mkia mnene wa mafuta, kama kondoo wa Wamasai. Kidari kilikuwa cha kuhani mkuu Haruni na wanawe, paja la kulia la kuhani aliyetoa damu na mafuta. Iliyobaki ililiwa na mwenye sadaka na watu wake, mradi wawe safi kiibada.

Wengi hukosea kwenye muda. Nyama ya sadaka ya amani iliyotolewa kwa shukrani iliisha siku ileile. Ya nadhiri au ya hiari iliweza kulala, lakini siku ya tatu mabaki yalichomwa. Ukiyala siku hiyo, sadaka nzima haikuhesabiwa. Ukiwa na ng'ombe mzima, basi ilibidi ualike watu.

Soma kitabu cha Walawi katika Biblia, sura ya 3 pamoja na ya 7. Sura ya 3 peke yake haitaji mgawo wa nyama.