Kabla Hujanunua Pampu, Yajue Maji Yako

Msichana mmoja wa Wete ameniandikia: "Dada, nna chumba kimoja na dirisha linaloangalia mashariki. Nataka kulima bila udongo niwauzie mahoteli. Ninunue nini kwanza?" Najua mko wengi wenye hamu kama yake, kwa hivyo namjibu mbele yenu nyote.

Mie naishi ghorofani Michenzani, mjini Unguja. Ardhi sina, hata ya mche mmoja wa pilipili. Zamu yangu ya upatu ilipofika, nilikwenda kwa muuzaji mmoja hapa mjini, akaniuzia mabomba, pampu na taa, na akaniapia kuwa saladi itastawi ndani mwaka mzima. Ikaja Februari, joto la kaskazi limepamba moto, umeme ukakatika toka asubuhi mpaka usiku. Mabomba yale hayaweki maji. Pampu ikisimama, mizizi inakauka. Miche yote ikalala. Nilipompigia simu alinijibu kuwa kilimo hichi ni cha wenye jenereta. Neno lile linaniuma mpaka leo, kwa sababu naye ni mtu wa hapa hapa. Anajua umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara, na anakumbuka Unguja ilivyokaa gizani takriban miezi mitatu, toka Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Leo, alhamdulillahi, navuna rehani na nanaa, na pampu sina. Natumia njia ya B. A. Kratky, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Maji yenye mbolea yanatulia ndani ya ndoo yenye kifuniko, mche unakaa kwenye kikombe kilichotobolewa, mizizi ikigusa maji. Mmea unavyokunywa, maji yanashuka, na nafasi inayobaki juu ndiyo inayoipa mizizi hewa. Usiijaze tena mpaka juu, mizizi iliyozoea hewa itakosa pumzi. Ndoo isipitishe mwanga, la sivyo maji yatafanya ukijani. Iweke karibu kabisa na dirisha, uwe unaigeuza.

Lakini wengi wanaonijia wanauliza ndoo, hawaulizi maji. Maji ya visima vya Unguja mara nyingi yamepita kwenye mawe ya chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Mimea hii inataka pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 5.5 hadi 6.5. Ikizidi hapo, madini ya chuma yamo ndani ya maji lakini mmea hauwezi kuyachukua: majani machanga yanakuwa manjano, mishipa inabaki kijani. Mtu akiona hivyo anaongeza mbolea, na mmea unazidi kuteseka. Mie nakinga maji ya masika kwenye paa la mama yangu Fuoni, nayaleta nyumbani kwa madumu. Kipimo cha pH ndicho kitu cha kwanza cha kununua.

Makumbi ya nazi yanashika mche vizuri sana. Ila yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa chumvi. Tafuta makavu ya nazi zilizofuliwa shamba, na hayo nayo yaoshe. Mbolea ya kalsiamu usiichanganye ikiwa nzito na ile ya salfeti au fosfeti, zitagandana chini. Kila moja iyeyushe peke yake kwenye maji mengi.

Na saladi? Chumba kikifika nyuzi 30 inarefuka, inatoa maua na kuwa chungu. Tena maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu, na mizizi huoza upesi. Isubirie kusi, kuanzia Juni. Rehani inalipenda joto letu.

Ndugu zangu, tuache kuyatazama mahoteli ya Nungwi na Paje peke yake. Wanunuzi wangu wa mwanzo walikuwa wanawake wanaotunga vikuba vya maharusi, vile vishada vya rehani na maua ya kunukia, na wanalipa papo hapo. Hoteli ikikuagizia, kabla hujatia mbegu waulize wanataka kiasi gani, siku gani, na malipo yanatoka lini.