Okestra ya Kimbanguiste ilianza 1994
Kuna wanaosema Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyotimiza miaka 30 mwaka 2024, ndiyo okestra kongwe kuliko zote Afrika. Hapana, hiyo miaka 30 ni ya kweli, ila kuiita kongwe kuliko zote si sahihi. Ilianzishwa 1994. Cape Town walikuwa na okestra ya manispaa tangu 1914, na ile ya Cairo ni ya 1959. Labda watu wanachanganya na Kanisa la Kimbanguiste lenyewe, maana mwanzilishi wake, Simon Kimbangu, alianza kuhubiri 1921. Aliyeunda okestra ni mjukuu wake, Armand Diangienda, ambaye kabla ya hapo alikuwa rubani.

Kuna filamu ya Wajerumani ya mwaka 2010 juu yao, itafuteni. Mwanzoni fidla zilikuwa chache mno, watu wakipokezana, na uzi ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli, mazoezi yanaendelea. Na bado wakaipiga Simfoni ya 9 ya Beethoven, kwaya na kila kitu. Ukisema ndiyo inayojulikana zaidi Afrika ya Kati, hapo sibishi.