Kompyuta kugoma kuwaka baada ya kuongeza kasi ya RAM
Pole sana ndugu. Umesema ulipandisha kasi ya RAM yako (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), aina ya DDR4, hadi 3600, sasa feni zinazunguka na skrini ni nyeusi. Kama hukugusa volteji, RAM yako haijaungua, ni mipangilio tu imeshindikana.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 hivi umeme uliobaki uishe. Chomoa betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu kwenye ubao mama, subiri dakika 5, irudishe. BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, itasahau mipangilio yote, RAM irudi kasi ya kawaida, mara nyingi 2133 au 2400. Bado? Acha stiki moja tu ya RAM, kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa. Mwasho wa kwanza huchelewa, usiikatize!

Ikiwaka, pima RAM kwa MemTest86, programu ya kukagua RAM, kupitia flashi kabla hujafungua kazi zako, maana RAM yenye makosa huharibu mafaili kimyakimya.