Mdogo Wangu, Usimwahidi Mtoto Kwamba Utarudi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juzi binti mmoja anayesali Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, aliniandikia: "Dada, vijana wetu tunakwenda misheni Burundi mwezi wa nane, siku kumi, kwenye kituo cha watoto. Wewe ulishakwenda. Tubebe nini?" Nikaanza kumjibu palepale: nguo, sabuni, madaftari. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Basi nimeona niliseme kwa urefu, maana najua hayuko peke yake. Likizo zikikaribia, bahasha za nauli zinazunguka karibu kila kanisa mjini.

Sisi tulikwenda 2022, watu kumi na wawili. Tulichangisha miezi mitano. Tuliuza maandazi baada ya ibada, na mzee mmoja wa kanisa akatoa mbuzi tukamnadi. Mratibu nilikuwa mimi, na nilijivunia kazi ile. Bado najivunia. Safari yenyewe siisimulii, aliyewahi kuvuka mpaka wa Manyovu na maboksi anaijua. Ukishaingia upande wa pili unateremka hadi ziwani, unapita michikichi ya Rumonge huku Tanganyika ikiwa kushoto kwako, na unafika Bujumbura mwili mzima unauma.

Kituo kilikuwa na watoto arobaini na kitu na walezi watatu. Watatu tu. Kiswahili mjini kule kinasikika, mtaa wa Buyenzi ndiyo usiseme, lakini wale wadogo walijua Kirundi peke yake. Tuliimba, tukacheza, tukaigiza Daudi na Goliathi.

Nilikuwa nimebeba ubuyu kutoka soko la Majengo, kilo tano. Kulikuwa na mvulana wa miaka kama sita. Jina lake silitaji, mtaona kwa nini. Wenzake walimung'unya na kutema mbegu uani. Yeye alizifuta kwenye kaptura, akaziweka mfukoni. Siku ya mwisho, maboksi yakiwa yameshapakiwa, alikuja akanifungua kiganja na kunimiminia mbegu zote, kavu, safi, moja moja. Alidhani zinarudishwa. Kisha akaniuliza, "Uzogaruka ryari?" Utarudi lini?

Nikamwambia Desemba.

Hakuna aliyenituma kusema Desemba. Hatukuwa na nauli ya Desemba wala mpango wa Desemba. Nilisema kwa sababu macho yake yalinishinda, na kwa sababu nililipenda jibu hilo mimi mwenyewe. Desemba ilipofika kanisa lilikuwa linanunua bati. Mwezi wa tatu mama mlezi akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, huyu mtoto akisikia gari getini anakimbia. Nyinyi mkija mnacheza nao, mkiondoka wanakataa kula, na wa kuwabembeleza ni mimi. Mkija tena, nisaidieni kufua."

Niliudhika, jamani. Sadaka yetu yote ile, halafu maneno hayo! Nilikaa wiki mbili bila kumjibu. Na huku nyuma picha ya mtoto yule, kifua wazi, ilikuwa imeshawekwa kwenye bango la harambee, na ni mimi niliyeitoa kwenye simu yangu. Mama yake hakuulizwa. Ndiyo, mama yake. Tulikuwa tunamwombea kama yatima wakati mama yuko hai, anauza dagaa, wao wanaita ndagala, mwendo wa saa moja kutoka kituoni. Alimpeleka pale njaa ilipomzidi.

Kilichonivunja ni kumbukumbu yangu mwenyewe. Nimekulia kijijini, wilaya ya Chamwino. Nikiwa darasa la pili walikuja wageni kutoka Ulaya, wakatupa pipi na penseli, dada mmoja akanibeba mgongoni akanipiga picha. Alisema ataniletea ile picha. Msimu mzima wa kiangazi nilikuwa nikiona vumbi la gari barabarani naacha ndoo kisimani. Nilijua kabisa kungoja kulivyo, na bado nikamngojesha mtoto wa mwenzangu.

Ndugu zangu, Yakobo 1:27 tunaikariri sana siku za kuchangisha: kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Lakini angalia, mjane ametajwa hapo hapo. Sisi tunamrukia mtoto kwa sababu mtoto anakumbatia, na mama yake hatumuulizi hata nauli ya kumtembelea mwanawe. Rafiki yangu ambaye ni afisa ustawi wa jamii aliniambia watoto wengi wanaolelewa vituoni duniani wana mzazi hai au ndugu, na kwamba hata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto, lilionya juu ya madhara ya watu kujitolea kwenye vituo vya yatima. Nilibisha. Nilimwambia sisi tunakwenda na Injili. Akaniuliza: Injili ipi inayompiga mtoto picha akiwa hana shati?

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiahidi. Hata kwa ishara, usiahidi. Wakikuuliza utarudi lini, sema ukweli kwamba hujui, hata kama atalia. Simu iache kwenye begi. Na usichague mtoto mmoja ukamfanya wako kwa siku kumi. Narudia, usiahidi, maana najua ukifika utataka kuahidi.

2024 tulirudi watatu. Hatukushona fulana za misheni. Fedha ya fulana tulimkabidhi mama mlezi na yeye ndiye aliyepanga. Tulifua mablanketi siku nne mpaka vidole vikachubuka, na usiku tulilala zamu na wadogo ili walezi wapate usingizi. Mvulana wangu sikumkuta. Alisharudi kwa mama yake, mtaji mdogo wa dagaa ukiwa umepatikana kwa jirani zao wa kanisa la pale pale, si kwetu. Niliomba nipelekwe nimwone. Mama mlezi alikataa. Alisema ametulia sasa, mwacheni. Nililia chooni, na mpaka leo sehemu fulani ya moyo wangu inadhani angeniruhusu dakika tano tu.

Tubebe nini, umeuliza. Omba namba ya mlezi, mpigie kabla hamjanunua chochote, mwulize yeye. Mimi aliniambia mabeseni makubwa na sabuni ya mche, tukabeba mabeseni. Na ubuyu ukibeba, mpe yeye agawe kwa mkono wake.